Hawezi Nini?

Nitaeleza yaliyotokea kama yalivyotokea, na anayetaka kucheka acheke akiwa amekaa, maana mimi sioni cha kuchekesha. Mimi ni mtu wa ofisi. Nimefanya kazi Shirika la Bima ya Raia miaka kumi na saba, dirisha namba tatu, na sijawahi kuchelewa isipokuwa siku ile niliyofika getini nikakumbuka mlango wa nyumbani, nikarudi kuuangalia, nikafika tena getini, nikarudi tena. Mara zote mlango ulikuwa umefungwa. Nalisema hili mapema msije mkasema nimeficha. Mimi sijambo, tuelewane.

Nchi yetu haina haja ya kutajwa jina. Kama umewahi kupanga foleni tangu asubuhi mbele ya dirisha, ukafika, ukakuta wamegeuza kibao, basi umeshapita karibu na mpaka wake.

Zamani Shirika lililipia mwili kuanzia unyayo hadi shingo. Kichwa kililipiwa kwa nje tu: ngozi, mfupa, masikio, na meno ya mbele. Yaliyomo ndani ya kichwa yalihesabiwa kuwa mali binafsi ya raia, na Serikali yetu ina heshima, haipendi kuchungulia ndani ya watu. Mtu akivunjika mkono alihudumiwa. Mtu akivunjika yeye mwenyewe na mkono ukabaki mzima, tulimpa kipeperushi chenye picha ya ua.

Halafu Bunge likapitisha Sheria ya Usawa wa Maradhi.

"Kuanzia leo," alisema Mheshimiwa Waziri, "huzuni na nyonga zitakaa benchi moja. Hofu haitadharauliwa tena na henia. Raia anayeumwa akili atahudumiwa sawasawa na raia anayeumwa goti, na yule asiyependa usawa huu atafute nchi nyingine yenye magoti anayoyapenda." Wabunge walipiga meza hadi meza moja ikavunjika mguu. Ilipelekwa kwa fundi jioni ileile kwa kuwa tatizo lake lilionekana.

Nilifurahi. Nilifurahi kuliko nilivyotarajia, nikatoka nje nikalizunguka jengo mara nne bila kujua naenda wapi. Wenzangu walidhani natafuta vocha ya simu.

*

Sheria ilikuwa nzuri, ila ilikosa kipimo. Mkurugenzi wetu, Dakta Ngwali, ambaye udaktari wake ni wa misitu, alituita ukumbini akatuuliza swali.

"Goti lina picha," alisema. "Damu ina kichupa. Mkojo una kikopo. Huzuni ina nini?"

Tukaliandika swali kwenye madaftari.

"Mtu akija akasema ana huzuni, nitajuaje kama si mvivu? Mti ukiugua, majani yananyauka. Huyu ananyauka nini?"

Mwanasheria wetu alipendekeza mizani, kwa sababu raia wengi wanapojieleza husema moyo wao ni mzito. Tukanunua mizani. Tuliwapima watu kadhaa kabla na baada ya kulia, na tofauti ilikuwa ndogo mno, tena mmoja aliongezeka. Mizani ikapelekwa jikoni.

Jibu lilipatikana getini, nami nilikuwapo. Dakta Ngwali alikuwa anaingia, mlinzi akamwambia, "Hujambo, mkuu?" naye akajibu, "Sijambo." Akapiga hatua mbili, akasimama. Akarudi. Akamwambia mlinzi, "Niulize tena." Mlinzi akauliza tena kwa woga. "Sijambo," alisema Dakta Ngwali polepole, na macho yakamtoka.

Siku ya Jumatatu alihutubia watumishi wote. "Ndugu zangu, waliotuachia lugha hii hawakuwa wajinga. Jambo ni nini? Jambo ni shida. Hujambo ni nini? Ni uchunguzi kamili: je, huna shida yoyote? Na sijambo ni nini? Ni tamko la mgonjwa mwenyewe, kwa kinywa chake, bila kulazimishwa, kwamba hana. Nchi nyingine zinaagiza mashine kutoka nje. Sisi hospitali tumeibeba mdomoni miaka yote, tunaipotezea barabarani."

Hivyo ndivyo ilivyozaliwa Fomu ya Usawa. Ina kisanduku kimoja: JIBU LA SALAMU. Anayejibu "sijambo" hana ugonjwa. Anayejibu kinyume chake anapewa kadi, na kadi hiyo inamlaza hospitali yoyote. Mimi nikapandishwa cheo kuwa Karani wa Salamu. Nilipewa kiti kinachozunguka, nami nikawa nakizungusha siku nzima, kushoto kulia, kushoto kulia, mpaka mwenzangu wa dirisha namba nne akaomba ahamishwe.

Kanuni zilikuwa chache. Kanuni ya nne ilisema hakuna raia atakayehudumiwa kabla ya kusalimiwa. Kanuni ya kumi na moja ilisema watumishi wa Shirika hawatajaziwa fomu, kwa kuwa wameshasalimiana asubuhi. Mtumishi atakayetamka mbele ya kikao cha Bodi, kwa maneno yoyote, kwamba hali yake si nzuri, atapewa kadi palepale, pamoja na kitanda cha pembeni kwa msindikizaji mmoja anayemchagua mwenyewe. Kanuni hii iliandikwa kwa huruma. Mwenyekiti wa Bodi hupatwa na uchovu kila mwezi wa nane, uchovu wenyewe hupoa ufukweni tu, na msindikizaji wake hubadilika kila mwaka.

*

Miezi mitatu ya kwanza hakupatikana hata mgonjwa mmoja wa akili katika nchi nzima.

Msidhani watu hawakuja. Walikuja, tena kwa foleni. Alikuja mwalimu mmoja wa hesabu aliyelia tangu kituo cha basi mpaka dirishani kwangu. "Hujambo, mwalimu?" nikamwuliza. "Sijambo, baba, za kwako?" akasema, huku anajifuta kwa kitambaa. Nikaandika: hajambo. Alikuja mama aliyeogopa kila kitu chenye mlango. "Hujambo, mama?" "Sijambo, namshukuru Mungu." Hajambo. Alikuja kijana aliyesikia sauti zinamwita kwa jina, akajibu salamu yangu, kisha akajibu za wale wengine, na kote alikuwa hajambo.

Wengine walijaribu kuongeza maneno. "Sijambo, ila..." walisema. Niliwaeleza kwa upole kwamba ila haina kisanduku.

Mtaniuliza kwa nini wasijibu kinyume. Sasa nyie semeni ukweli. Ni lini mmesalimiwa mkajibu kinyume? Nyumba imeungua, mnasema salama, tatizo ni nyumba tu. Msiba upo sebuleni, mnasema wazima, tumefiwa. Mimi mwenyewe nilisimama mbele ya kioo nyumbani nikajaribu kulitamka neno hilo, "nina jambo," na nikaona haya kana kwamba nimetoka bafuni bila taulo mbele ya wakwe.

Mheshimiwa Waziri alipokea takwimu zetu akazisoma redioni. Nchi ilikuwa ya kwanza duniani, alisema, kuponya akili za watu wake wote ndani ya robo mwaka kwa kuwapa usawa tu. Mimi takwimu zile niliziandaa kwa mkono wangu. Usiku nilizihesabu upya mara tisa, nadhani ni kahawa, ingawa siku hizo nilikuwa nimeacha kahawa.

*

Katika mwezi wa nne alikuja Bi. Sikudhani na mumewe, Bwana Chande.

Bwana Chande nilimtambua kabla hajafungua mdomo, na alipoufungua nikamtambua zaidi. Nani katika nchi hii asiyemjua Chande wa Salamu? Miaka ishirini na miwili alisoma kadi za salamu redioni kila asubuhi. Fulani wa kijiji fulani anamsalimu shemeji yake, anamsalimu fundi cherehani wa sokoni, anawasalimu wote wanaomfahamu, na ujumbe wake unasema tupendane. Alisoma kila kadi kana kwamba imeandikwa na mama yake. Sasa alikuwa amesimama mbele yangu, shati limepigwa pasi, limevaliwa nje ndani, na mkewe amemshika kiwiko.

"Bwana Karani," alisema Bi. Sikudhani, "nakuomba unisikilize mimi kwanza."

Nikamsikiliza, japo si utaratibu. Mumewe alikuwa ameacha kula, kisha akaacha kuoga, kisha akaacha kwenda kazini. Halii wala hagombi na mtu. Ukimwambia ale anasema siwezi, ukimwambia alale anasema siwezi. Wiki mbili zilizopita majirani walimkuta juu ya mnara wa tangi la maji, ameketi ukingoni, viatu amevivua na kuvipanga vizuri pembeni, soksi ndani yake. Walimshusha. Hospitali ya Kilimani ilikubali kumtibu na kumwekea kitanda, lakini si bila kadi ya bima, na kitanda kingengoja mpaka Ijumaa ya kwanza ya mwezi uliofuata.

"Wakikitoa kwa mwingine," alisema, "mimi sitaweza kumlinda. Nalala nimefunga kanga mkono wangu na mkono wake. Nisaidie, kaka."

"Nitakusaidia, bibi," nikasema, na nilikusudia. Nikaandaa kalamu. "Hujambo, Bwana Chande?"

Bwana Chande alivuta pumzi. Mgongo ukanyooka. Sauti ikatoka ileile, ya asubuhi, nzito na tamu. "Sijambo, ndugu yangu, sijambo kabisa, sijui wewe na wote hapo ofisini."

Bi. Sikudhani alifumba macho. Mimi nikaandika.

*

Hapo katikati kulizuka malalamiko. Chama cha ndugu wa wagonjwa wa akili kiliandika barua kuuliza usawa uko wapi, ikiwa wenye magoti hawasalimiwi kwa fomu na wenye huzuni wanasalimiwa. Dakta Ngwali aliisoma barua mara mbili, akakubali kwamba wana haki. Alisema ameumia sana kugundua kwamba chini ya pua yake kulikuwa na ubaguzi. Kuanzia Jumatatu, na wenye magoti wakasalimiwa.

Wa kwanza alikuwa Fundi Likumbo, seremala, ambaye msumari ulikuwa umeingia kiganjani ukatokea upande wa pili. Aliuleta vilevile, na kipande cha mbao juu yake.

"Hujambo, fundi?"

"Sijambo, bwana, habari za toka juzi?"

Nikaandika hajambo. Fundi Likumbo alinitazama, akatazama kiganja. "Msumari huu hapa," alisema.

"Nauona, fundi. Mimi si kipofu. Ila msumari hauna kisanduku."

Kwa kweli nilitoka nikazunguka jengo. Mwisho wa mwezi takwimu zilionyesha kwamba pamoja na akili, hata mifupa, ngiri, kisukari na uzazi vimetokomezwa. Wizara iliandaa sherehe. Nje ya geti letu vijana wakafungua mabanda ya kufundisha watu kujibu, na waliofuzu haraka walikuwa wazima wenye haraka zao. Binamu ya Waziri alijifunza kusema "nina jambo" kwa mchana mmoja, akapewa kadi, akaenda ufukweni.

*

Bi. Sikudhani alimrudisha mumewe siku ya Jumanne. Ijumaa ile ya kitanda ilikuwa inakuja. Alikuwa amemfundisha siku tano mfululizo, asubuhi na jioni, kwenye kiti cha jikoni, na nyumbani alikuwa ameshaweza.

"Leo usimsalimie," aliniambia. "Mwulize tu. Mwulize unaumwa?"

"Bibi, mtu aje mpaka dirishani kwangu nisimsalimie? Kwani mimi nimelelewa wapi?"

"Kaka, salamu yako itaniulia mume."

Sikupenda kusemeshwa hivyo. Nina hasira za karibu, kila mtu ofisini anajua, tena siku hizo zilikuwa karibu zaidi. Nikamwambia Kanuni ya nne haikuandikwa na mimi. Nikamwambia mimi ndiye ninayesikia watu mia kwa siku wakinidanganya usoni kwa adabu, na nikitoka hapa nalisikia neno hilo kwenye bomba linalovuja na kwenye ufagio wa mfagizi, na hakuna aliyewahi kuniletea mimi fomu. Sijui kwa nini nilisema yote hayo. Watu wa foleni walikuwa wanatazama.

Bi. Sikudhani alinitazama muda. "Pole, kaka," alisema.

"Nimeshapoa," nikajibu, kama ipasavyo. Kisha nikamgeukia mumewe. "Hujambo, Bwana Chande?"

"Sijambo, ndugu yangu," alisema Chande wa Salamu, na akawasalimu wote waliokuwa nyuma yake kwenye foleni. Foleni nzima ikaitikia.

Walipofika kwenye ngazi za kushukia, nikamwona amesimama. Mguu mmoja ulikuwa umeinuka, haushuki. Mkewe alimvuta taratibu. Akageuza kichwa, akanitazama mimi kupitia kioo cha dirisha, akasema kwa sauti nyingine kabisa, ndogo, isiyo ya redio: "Siwezi."

Neno hilo lilinipeleka mbali. Bibi yangu mzaa mama, aliyenilea, hakusema mtu ni mgonjwa. Alisema hawezi. "Leo sitwangi, siwezi." "Nenda kwa Bi. Mwanamvua ukamwambie bibi hawezi." Nami nilikimbia kwa Bi. Mwanamvua nikasema bibi hawezi, na Bi. Mwanamvua hakuuliza hawezi nini. Alifunga kanga akaja na uji.

Nikafuta "hajambo" kwenye fomu. Nilifuta kwa kifutio, si kwa kukata mstari, kwa hiyo halihesabiwi kosa. Nikaandika: "Hawezi."

Faili likapanda ghorofa ya pili. Likarudi saa nane mchana na muhuri: HAWEZI NINI? KAMILISHA SENTENSI.

Nikaandika maelezo ya nusu ukurasa kuhusu bibi yangu. Likarudi: BIBI YAKO SI MTAALAMU WA SHIRIKA. HAWEZI NINI?

Nikaandika: "Hawezi tu." Likarudi mara ya tatu, safari hii na sahihi ya Dakta Ngwali mwenyewe. HAWEZI NINI? SUALA LIPELEKWE BODI. Bodi ilikuwa inakaa Alhamisi.

*

Alhamisi nilikuwa mwandishi wa kikao. Wajumbe walikuwa saba, maji ya chupa kumi na nne, na Bwana Chande na mkewe, walioitwa, waliketi mwisho wa meza. Mwenyekiti alikuwa mnene, mcheshi, na kwa bahati mbaya alikuwa mwanachama wa siku nyingi wa klabu ya salamu.

"Chande wa Salamu," alisema, na akainuka kitini. "Kumbe ndiwe? Ulishanisomea kadi yangu, mwaka ule nimehamia mjini. Hujambo, bwana?"

Bwana Chande alinyamaza. Bi. Sikudhani alimshika mkono chini ya meza, niliona. Jasho lilimtoka kwenye nywele. Nilijikuta nimebana kalamu na namwombea, mimi mtu wa ofisi, nasema moyoni sema, sema, sema, litoe hilo lingine.

Mgongo ukanyooka.

"Sijambo, Mwenyekiti, sijambo kabisa. Na salamu ziwafikie wajumbe wote wa Bodi hii tukufu popote walipoketi, ziwafikie wake zao na watoto wao, zimfikie na dereva anayewasubiri nje. Ujumbe unasema tupendane."

Walipiga makofi. Mjumbe mmoja alipangusa machozi kwa sababu alimkumbuka marehemu baba yake na redio yake. Mwenyekiti alisema kama wote wangekuwa wazima kiasi hiki, Shirika lingefungwa kesho.

"Waheshimiwa," alisema Bi. Sikudhani. Hakupaza sauti. "Hiyo ni kazi yake. Miaka ishirini na miwili amelipwa kusema hivyo. Hata kule juu kwenye tangi, jirani aliyempandia alimwuliza hujambo, naye akajibu sijambo, halafu akaendelea kuviweka sawa viatu vyake. Mimi sitaki makofi. Nataka alale hospitali kesho, aangaliwe, nami nifungue hii kanga mkononi."

"Tumesikia kwa masikio yetu, mama," alisema Mwenyekiti kwa upole. "Sheria inatutaka tuwatendee wote sawa. Hata fundi mwenye msumari tulimtendea hivihivi." Akanigeukia. "Karani, andika: hajambo."

Nikaweka kalamu kwenye karatasi. Nilikuwa nimeliandika neno hilo maelfu ya mara, ningeliandika nimefumba macho. Kalamu ikakaa pale ikatoa doa.

"Andika, Karani."

"Siwezi," nikasema.

"Huwezi nini? Wino umeisha?"

"Wino upo, Mheshimiwa."

"Sasa huwezi nini? Kamilisha sentensi."

"Imekamilika," nikasema. "Siwezi. Bibi yangu angekwambia. Ni siku nyingi siwezi."

Dakta Ngwali alisema karani huyu afukuzwe. Lakini mwanasheria alikuwa ameshafungua kitabu, na jasho lilikuwa linamtoka. Alimnong'oneza Mwenyekiti, akamwonyesha mstari. Kanuni ya kumi na moja: mbele ya kikao, kwa maneno yoyote. Mwenyekiti aliusoma mara tatu. Nilimwona anaupima mwezi wa nane kichwani mwake. Wakiivunja kanuni kwangu leo, imevunjika.

"Mpeni kadi," alisema mwishowe.

Nataka mjue kwamba nilifanya vile kwa hila, kwa ajili ya kitanda. Ni mpango wa kikarani. Mimi nilikuwa sijambo.

Mwanasheria alijaza kadi. Ilikuwa ya kwanza kutolewa kwa mtu asiyekwenda ufukweni. "Msindikizaji? Tuandike mkeo?"

"Mke wangu alirudi kwao mwaka juzi," nikasema. Sikuwahi kulitaja ofisini kwa sababu kila asubuhi waliniuliza hujambo, hawakuuliza lingine. "Andika Bwana Chande."

*

Ijumaa asubuhi tulifika Hospitali ya Kilimani watu watatu na begi moja. Mapokezi alikaa muuguzi wa makamo, Bi. Mashavu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliichukua kadi, akaigeuza nyuma na mbele.

"Nani mgonjwa hapa?"

Bwana Chande, kwa adabu, alinionyesha mimi. Mimi nilimwonyesha yeye. Tulikaa hivyo, kila mmoja na kidole chake, mpaka Bi. Sikudhani akachoka.

"Andika wote wawili, dada," alisema.

Nilitaka kubisha. Nilikuwa na sentensi nzima tayari, inaanza na "mimi ni mtumishi wa." Badala yake nikaona karatasi iliyo mezani imelowa, na maji yale yalikuwa yanatoka kwangu. Sikuwa na kitambaa. Bi. Sikudhani alinipa ncha ya kanga yake, ileile aliyomfungia mumewe.

"Poleni sana," alisema Bi. Mashavu.

Sasa nyie mnajua mtu akipewa pole hujibuje. Husema ameshapoa. Neno hilo lilinifika mpaka kwenye meno, nikalibana. Nikamtazama Bwana Chande nikaona anavuta pumzi ile, mgongo unanyooka, na nikajua kinachokuja: tumeshapoa, dada, tumeshapoa kabisa, na salamu ziwafikie madaktari wote. Nikamkanyaga mguu. Sijawahi kumkanyaga mtu kwa makusudi maishani mwangu, tena mtu aliyenizidi umri.

Pumzi ikamtoka yote, haina neno juu yake. Mabega yakashuka. Alitazama viatu vyake.

"Siwezi, dada," alisema kwa ile sauti ndogo.

Nikangoja. Swali linalofuata nalijua, nilishaletewa mara tatu kwa muhuri.

Bi. Mashavu hakuuliza. Alisimama, akajitundika begi letu begani. "Najua," alisema. "Vitanda viko huku." Akatangulia kwenye korido.

Bwana Chande alikuwa bado anatafuta mkono wa mkewe. Mimi nilikuwa wa kwanza kumfuata.